Mashine inasoma fakture. Lakini mafuta yalifika?

Wandugu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kumaliza, swali linarudi kila siku: akili bandia, ile tunaita IA, itatukamatia kazi ya uhasibu? Swali ni kubwa na mimi sitalimaliza hapa. Nitasema juu ya kazi moja tu, ile ninayoifanya kila juma hapa Lubumbashi: kuingiza fakture za mafurniseri, wale wanaotuuzia vitu, ndani ya programu ya uhasibu. Kazi hiyo njo wengi wetu tulianzia. Stajeri anafika buroni, wanamupa kiti, kompyuta na klasere iliyojaa fakture, wanamuambia: anza kuingiza. Leo mashine inaweza kupitisha klasere ile yote kabla chai ya shefu haijapoa. Kwa hiyo ni vizuri tujue inafanya nini kweli, na inaacha nini mezani.

Kwanza kwa wale waliosoma mambo mengine, juu watu wanafikiri kuingiza fakture ni kupiga namba tu. Tuchukue fakture ya duka la vitu vya buro: karatasi za kuchapia za dolari 100, pamoja na kompyuta moja ya mkononi ya dolari 900. Jumla bila kodi ni 1.000, TVA ya 16% ni 160, yote ya kulipa ni 1.160. Mhasibu anafungua plani ya SYSCOHADA, ile inayotuongoza tangu Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Kwa kredi anaweka 1.160 kwenye konti 401, ya mafurniseri, juu ni deni letu kwao. Kwa debi, karatasi zinaenda 6055, vitu vya buro vinavyoisha. Kompyuta haiende pale. Ile itafanya kazi miaka, kwa hiyo inaingia klasi ya 2, konti 2442, na kila mwaka tutapunguza thamani yake. Hata TVA inagawanyika: 16 ya karatasi inaenda 4452, na 144 ya kompyuta inaenda 4451, ile ya mali ya kudumu.

Mmeona? Kuko kazi mbili ndani ya moja. Kuko kusoma, yaani kutoa jina, tarehe, namba na pesa kwenye karatasi. Na kuko kuamua, yaani kujua kila kitu kinaenda konti gani, na kama kinastahili kuandikwa. Wanaouza programu hizi wanaonyesha sana ile ya kwanza, juu inapendeza macho: unapiga picha, paa, namba zimejaa zenyewe.

Kusoma kwa mashine si jambo la jana. Miaka ya 1990, Yann LeCun, Mfaransa, pamoja na wenzake wa Bell Labs kule Marekani, walikuwa wamekwisha kufundisha kompyuta kusoma pesa zilizoandikwa kwa mkono kwenye sheki, na mabenki yakatumia. Kuko pia Tesseract, programu ya kusoma herufi iliyoanzia kwa kampuni ya HP na ikafunguliwa kwa wote mwaka 2005. Ni ya bure. Mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiweka leo na kujaribu.

Lakini kusoma herufi haitoshi. Mashine inaweza kuona "1.160" na isijue kama ni jumla, ni namba ya fakture, ama ni kipande cha namba ya telefone. Zamani njia ilikuwa kuchorea kila furniseri ramani yake: kwa huyu jumla iko chini kuume, kwa yule tarehe iko juu. Furniseri akibadilisha karatasi yake, ramani inakufa na unaanza upya. Kile IA imeleta ni kuondoa hizo ramani. Mashine imeona fakture mingi sana za namna mbalimbali, na inatambua jumla kwa maneno yanayoizunguka, kwa pahali ilipo, na kwa sababu inalingana na mistari ya juu. Ndani ya programu kama Odoo, ile ya Wabelgiji, uko na chaguo la kutuma picha ya fakture na kupata andiko lililojazwa tayari, likingoja mtu alihakikishe. Kwa Sage Saari, ile maburo mingi ya hapa bado inatumia, mara nyingi inapitia njia ya nje: chombo kingine kinasoma, kinatoa tabo, halafu unaimporte.

Hapa nataka tutulie kidogo, juu njo pahali hatari imebadilika sura. Msomaji wa zamani alipokosea, aliacha alama. Aliandika "1 l6O", herufi katikati ya namba, na jicho lako lilishituka hapo hapo. Hizi modeli mpya za lugha, zile zinazoongea na watu, zinakosea kwa usafi. Kama kashe ya furniseri imepiga juu ya jumla na namba haionekani vizuri, modeli inaweza kukupa namba nzuri, yenye senti mbili, inayofanana na kweli, na si ile iliyoandikwa. Haisemi "sikuona." Inajaza. Mtu mwenye kuchoka saa kumi ya jioni anaona tabo safi na anabofya sawa.

Dawa ya kwanza ni hesabu za darasa la sita. Idadi mara bei ilingane na mstari. Mistari yote ilingane na jumla bila kodi. Jumla pamoja na TVA ilingane na yote ya kulipa. Fakture ambayo haipiti hayo isiingie peke yake, iende kwa mtu. Hiyo inakamata makosa mengi ya pesa. Haikamati kosa la tarehe, wala la namba ya fakture, wala la konti, na hapa kwetu tarehe ni shida kuliko vile watu wanafikiri.

Angalieni fakture zinazofika Lubumbashi. Moja inatoka Kinshasa, ya Kifaransa. Ingine inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, ya Kiingereza. Ingine ya Dar es Salaam, ya mzigo uliopitia bandari. Ingine ni ya mama wa sokoni aliyetuuzia chakula cha wafanyakazi, imeandikwa kwa biki kwenye kitabu cha fakture chenye karboni, na sisi tumepewa ile ya chini, ya bluu, inayofifia. Kwetu, kwa Kifaransa, tunaandika 1.250,00. Mwingereza anaandika 1,250.00. Kukiwa na senti, mashine inatambua. Lakini fakture ya Ndola ikiandika "1,250" bila senti, mashine iliyozoea Kifaransa inaweza kusoma moja na robo. Dolari moja na robo kwa vipuri vya kamio! Ile hata shoferi atacheka. Kinyume chake hakichekeshi: lita 1,250 za kemia fulani, zilizopimwa kwa desimali tatu, zikiwa elfu moja mia mbili na hamsini ndani ya stoki.

Halafu 1 na 7. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 1 yenye kofia ndefu, na 7 yenye mstari katikati. Mashine iliyofundishwa mikono ya pahali pengine inaona 1 yetu na kusema 7. Fakture za mkono mimi siziachi kwa mashine hata siku moja. Ninaipa isome, lakini ninazitazama zote.

Turudi kwa tarehe. 03/04 kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa ine. Programu iliyowekwa kwa mazoea ya Marekani inasoma 4 ya mwezi wa tatu. Mtasema ni tarehe tu, ina shida gani? Shida ni mbili. TVA tunaitangaza kila mwezi, mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo fakture imeruka mwezi na imeingia katika tangazo ambalo si lake. Na uhasibu wetu, kwa sheria ya OHADA, unafanywa kwa pesa ya nchi, yaani faranga ya Kongo, hata kama nusu ya maisha ya mji huu inahesabiwa kwa dolari. Kila fakture ya dolari inageuzwa kwa kiwango cha siku yake. Tarehe ikiwa ya uongo, kiwango ni cha uongo pia, na faranga zote za mstari ule ni za uongo, wakati hesabu za dolari zinalingana vizuri kabisa na hakuna taa nyekundu inayowaka.

Hiyo ni kusoma. Tuje kwa kuamua.

Ili kuchagua konti, mashine inatazama historia. Duka lile la vitu vya buro, mara kumi zilizopita mlilitia 6055? Basi mara ya kumi na moja pia 6055. Mara nyingi ni kweli, na inasaidia sana. Fakture ya umeme ya SNEL haihitaji filozofia. Lakini ile fakture ya kompyuta niliyotaja itaingia yote 6055, na hesabu zitalingana: 1.000, 160, 1.160, sawa sawa. Gharama za mwaka zimepanda kwa 900 bila sababu, mali ya kampuni imekosa kompyuta moja, na mkaguzi akija atauliza hii mashine iliyoko mezani ilitoka wapi. Programu haikukosea kusoma. Ilikosa kujua kwamba kompyuta si karatasi, ama ilijua na historia ikaishinda.

TVA iko na mtego wake pia. Si kila muuzaji iko chini ya TVA, wadogo hawaihesabu. Nimeona chombo kimoja ambacho, kikikosa mstari wa TVA kwenye fakture, kinaitoa chenyewe ndani ya jumla. Ni kama kusema DGI itakurudishia kodi ambayo hakuna mtu aliyeilipa. Siku ya ukaguzi utaonyesha nini? Ili kukata TVA unahitaji fakture ya kweli, yenye namba ya kodi ya muuzaji, na TVA iliyoandikwa juu yake. Chombo kile ukikipata, zima chaguo hilo siku ya kwanza.

Kuhusu fakture zinazoingia mara mbili, niseme haraka. Siku hizi fakture moja inafika mara tatu: picha kwa WhatsApp, PDF kwa barua ya intaneti, na karatasi mkononi mwa shoferi. Mashine inakataa ya pili ikiona furniseri ni mule mule na namba ni ile ile. Lakini buro moja ya hapa mjini ilikuwa imeandika furniseri mmoja mara mbili kwenye orodha, mara na SARL mwishoni mwa jina, mara bila. Kwa mashine walikuwa watu wawili. Fakture zote mbili zilipita, na ni mwenye kusaini sheki aliyesimamisha, juu alikumbuka kiasi kile. Kabla ya kuleta IA, safisheni orodha ya mafurniseri. Ni kazi ya siku mbili tatu, haina sifa, na hakuna anayeipigia matangazo.

Sasa jambo ambalo kwangu njo kubwa. Fakture inasema: lita 5.000 za mazuti zimepelekwa kwenye shantie. Imechapwa vizuri, ina kashe, ina namba ya kodi, hesabu zinalingana. Mashine inaisoma bila kosa hata moja, inaiweka konti inayostahili, na inakupa rangi ya kijani. Lakini je, mazuti yalifika? Yote? Ama zilifika lita 4.200, na 800 zikabaki njiani?

Hilo haliko kwenye karatasi ya fakture. Liko kwenye boni ya komande, iliyosema tuliomba nini, na kwenye boni ya kupokea mali, aliyosaini mtunza depo, iliyosema tulipata nini. Karatasi tatu, lazima ziseme kitu kimoja. Mashine inaweza kuzilinganisha, na inazilinganisha haraka kuliko sisi, lakini hizo zingine mbili ziwepo kwanza, na ziwe za kweli. Maburo mingi yanataka IA wakati boni ya kupokea inasainiwa siku tatu baadaye, kwa kukumbuka, ama na mtu ambaye hakuwa depo. Kuweka mashine juu ya hiyo ni kulipa haraka kile ulichokuwa unalipa polepole.

Tena fakture ya uongo inapenda mashine. Mwizi haandiki kwa biki kwenye karboni. Anachapa safi, anaiga alama ya furniseri wenu wa kweli, anabadilisha kitu kimoja tu: namba ya konti ya benki, ama namba ya M-Pesa ya kulipia. Kati ya fakture zote za siku ile, yake njo inasomeka vizuri kuliko zote. Kwa hiyo sheria ya kwetu ni hii, na mashine haina ruhusa ya kuigusa: namba ya malipo ikibadilika, mtu anapiga simu kwa furniseri, kwa namba ya zamani tunayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye fakture mpya.

Wengine wananiambia, ngoja, fakture normalizee zenye kodi ya QR ambazo DGI inataka zitamaliza mambo yote. Zitamaliza mengi ya kusoma, ni kweli. Fakture ikija na namba zake ndani ya kodi, hakuna kubahatisha 1 na 7. Lakini kodi ya QR inashuhudia kwamba muuzaji alitoa fakture. Mazuti haiyapimi.

Basi, kazi yetu? Mimi sikubaliane na wale wanaosema hakuna kitakachobadilika. Patroni akiona fakture zinajiingiza, atauliza kwa nini amuweke stajeri wa kuingiza, na kwa hesabu yake iko na haki. Hapo njo pananiumiza, juu kuingiza fakture kulikuwa shule. Hakuna mwalimu aliyenionyesha kwamba furniseri fulani anapandisha bei kila Desemba, ama kwamba fakture za garaji zinakuja na vipuri na kazi ya mikono katika mstari mmoja na lazima uvitenganishe. Nilijifunza kwa kupitisha karatasi moja moja, nikichoka. Mtu anayeanza leo kwa kubofya "sawa" atapata wapi jicho lile? Na bila jicho lile, atahakikisha nini?

Kwetu tumepanga hivi. Stajeri akifika, mwezi wa kwanza anaingiza kwa mkono, mashine imefungwa. Mwezi wa pili tunampa fakture zile zile jinsi mashine ilivyoziingiza, na anatafuta tofauti. Pahali wanapopishana, anakuja kueleza nani iko na haki na kwa nini, akiwa na plani ya konti mkononi. Mara zingine ni mashine iko na haki, na hiyo nayo ni somo. Halafu tunamtuma depo asubuhi moja, aone kamio inavyoshusha mali na nani anasaini. Shefu alilalamika kwamba tunapoteza muda. Siku moja stajeri mmoja akauliza kwa nini boni za kupokea za wiki nzima zina mwandiko mmoja na biki moja, na tangu hapo shefu hajalalamika tena.

Wewe ambaye hujapata staje, unaweza kuanza bila kungoja. Omba fakture kwa mjomba mwenye duka, kwa dada mwenye farmasi, kwa parokia. Hamsini zinatosha. Ziingize wewe mwenyewe kwenye tabo, na konti za SYSCOHADA, na kiwango cha siku. Halafu zipitishe kwa Tesseract, uone yenyewe inasoma nini. Umeme ukikatika, endelea na karatasi, tumezoea. Andika kila kosa lilitoka wapi: picha, mwandiko, tarehe, pesa mbili, konti. Siku ya kuomba kazi, daftari hilo lina uzito kuliko kusema "ninajua IA," ambako kila mtu anasema.

Na tafadhali, fakture za kampuni usizitupie ndani ya programu ya bure ya intaneti ili ikusaidie. Zina majina ya watu, telefone, bei ambazo mshindani angependa kuziona, na Kongo iko na sheria ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023 inayolinda habari za watu. Uliza kwanza programu inapeleka picha wapi na nani anabaki nayo.

Karatasi yenyewe nayo isitupwe eti juu imekwisha kupigwa picha. OHADA inataka tuzitunze miaka 10. Zile za karboni ya bluu pigeni picha mapema, zingali zinaonekana, halafu zirudisheni kwenye klasere, mbali na dirisha.